Wageni wa Saa Nane Mchana

Nchi ya Tambarare ina mlima mmoja tu, na mlima huo ndio unaoilisha. Wageni hutoka ng'ambo na pesa zao, hupanda, huiona theluji, hulia kwa furaha, kisha hushuka na kununua vinyago. Mambo haya yako chini ya Waziri wa Burudani za Nje na Hewa Safi, Mheshimiwa Fulgensi Kidumule. Ofisi yake iko chini kabisa katika jengo la ghorofa nne, kwa sababu ngazi zinamchosha.

Mimi ni karani wake. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao na kubeba muhuri wa wizara. Nalisema hili mapema ili msije mkasema sikulisema: muhuri naubeba mimi, ndani ya begi la ngozi, nimeufunga kwenye leso. Karatasi isiyo na muhuri katika nchi yetu ni ya kufungia karanga.

Tambarare ni nchi ya sheria. Mfanyakazi akizidisha saa nane kwa siku, hulipwa za ziada. Muuza duka hulipwa, dereva hulipwa, hata anayefagia Bunge hulipwa, ingawa anafagia watu wakiwa wamelala humo humo. Wasiolipwa ni watu wa mlimani peke yao, yaani wapagazi, wapishi na wajenzi wa mahema, wanaoitwa msimu ukianza na kusahauliwa msimu ukiisha. Siku yao huanza saa kumi na mbili alfajiri, na kwa sheria huisha saa nane mchana. Kinachofanyika kuanzia hapo mpaka mgeni alale kilikuwa hakina jina.

Watu wa mlimani waliuliza jina lake. Mheshimiwa akaenda kuwajibu getini, akasimama kando ya mizani ya kupimia mizigo, mita mia mbili kutoka kwenye gari lake.

"Ndugu zangu," alisema, "mgeni anapanda ndege siku mbili, analipa dola, ili tu avute hewa hii. Ninyi mnaivuta bure! Asubuhi bure, mchana bure, jioni bure! Mtu anapewa hewa ya dola, halafu anadai na saa za ziada. Huo si uroho? Nitazameni mimi. Mimi niko kazini saa ishirini na nne. Hata nikilala, nalala kikazi. Nani amewahi kunisikia nikidai ziada?"

Kwa kweli hakuna aliyewahi kumsikia, maana posho zake humfikia kabla hajazidai. Tulipiga makofi. Maneno ya kwamba yuko kazini saa ishirini na nne niliyaandika neno kwa neno, nikayapiga muhuri, yakabandikwa getini. Kumbukeni hilo.

*

Mwezi uliofuata mpagazi mmoja aitwaye Kisamo Ndelwa alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nasema alipoteza, lakini vilikuwa bado vipo mguuni, vyeusi tu, havisikii kitu.

Ilikuwa hivi. Kambi ya juu kabisa upepo ulianza saa tisa alasiri, na theluji ndani yake. Hema la kulia chakula likataka kuruka na wageni sita humo ndani. Kisamo, aliyekwisha kubeba kilo ishirini tangu alfajiri na viatu vyake vimelowa, aliambiwa ashike nguzo. Akashika. Wageni waliogopa, wakaomba waimbiwe ule wimbo wa kukaribisha ambao watu wa mlimani huwaimbia wageni kila kambi. Kisamo akaambiwa aimbe. Akaimba, ameshika nguzo, amesimama kwenye theluji mpaka vifundoni, saa tatu nzima. Wageni walitulia. Walimpiga picha za video, wakasema huyu bwana ana moyo wa furaha kuliko watu wote waliopata kuwaona.

Daktari wa hospitali ya mkoa aliutazama mguu akasema, "Tukivikata vidole wiki hii, mguu unabaki. Tukichelewa, tutakata tukifuata uozo unakokwenda."

Upasuaji ulikuwa wa kulipiwa na bima ya wafanyakazi, na bima hiyo humlipia aliyeumia akiwa kazini. Ilitakiwa Fomu ya Kuumia Kazini, yenye sahihi ya Waziri na muhuri. Mpaka fomu ifike, Kisamo alipewa vidonge vya maumivu na benchi kwenye korido.

*

Serikali yetu haiko kama wanavyoisema. Iliunda Tume siku ya tatu tu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa mwenyewe, ili jambo lisicheleweshwe na watu wasiomfahamu Mheshimiwa.

Kisamo aliletwa na mpishi mkuu wa mlimani, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili, aitwaye Elingaya. Alimkalisha kwenye kiti akaunyoosha ule mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shahidi asimame," alisema Mheshimiwa.

"Hawezi, Mheshimiwa," alisema Elingaya. "Si ndilo lililotuleta?"

"Kanuni ya vikao, mama. Shahidi husema amesimama. Yanayosemwa kwa kukaa hayaandikwi. Tukianza kuandika maneno ya watu waliokaa, si tutaandika na ya baa?"

Wajumbe walicheka. Niliandika: kicheko. Kisamo alijaribu kusimama mara mbili, jasho likamtoka, akarudi kitini. Kisha, akiwa amekaa, alisema sentensi moja. Haikuwa ndefu. Nilikuwa nimekwisha kuinua kalamu, Mheshimiwa akanitazama, nikaishusha. Kwenye kumbukumbu niliandika: "Shahidi hakusema kitu."

Baada ya hapo wajumbe walioneshwa video. Akaonekana Kisamo, nguzo mkononi, theluji kichwani, mdomo wazi, anaimba. Waliitazama mara nne. Mjumbe mmoja akaomba atumiwe kwenye simu.

"Sasa niambieni," alisema Mheshimiwa huku akijifuta midomo kwa leso, kwani kulikuwa na sambusa, "mtu aliye kazini anaimba? Mimi mniangalie hapa kazini. Naimba? Siimbi. Huyu bwana saa yake ya kazi iliisha saa nane mchana. Alikuwa na hiari ya kufurahi au kununa, akachagua kufurahi. Tumshukuru, lakini bima haiwezi kulipia furaha."

Hapo ndipo kilipozaliwa Kifungu cha Saba cha sheria ya mlima. Nilikiandika mimi kwa mwandiko wangu mzuri: "Mtu yeyote aliye mlimani baada ya saa nane mchana, akiwa anaimba, anacheza au anapiga makofi, hayuko kazini. Mtu huyo ni mgeni, na atahesabiwa kuwa mgeni kwa mambo yote." Nikapiga muhuri. Jioni hiyo hiyo ofisi ya getini ikampelekea Kisamo ankara ya kiingilio cha mlima, kwa bei ya raia na si ya wageni wa ng'ambo, maana serikali ina huruma.

Elingaya alikisoma kile kifungu getini, kwenye ubao nilikokibandika, akifuatisha maneno kwa kidole. Alipofika mwisho akarudia tena.

"Ndugu karani, hii imeshakuwa sheria?"

"Imeshakuwa, mama."

"Hapa panaposema kwa mambo yote. Ni yote kweli?"

"Yote, mama. Sheria haina mzaha."

"Asante," alisema, akaomba Fomu ya Kuumia Kazini nyingine isiyojazwa. Nilimpa. Zilikuwa nyingi, hakuna aliyekuwa akizichukua.

*

Siku ya tisa tangu mguu wa Kisamo uanze kunuka, Mheshimiwa alipanda mlima kwenda kuzindua Kifungu cha Saba mbele ya wageni ambao wangefika kesho yake. Wapagazi arobaini na sita walibeba msafara. Walibeba kiti cha ofisini chenye magurudumu, jenereta, kapeti jekundu la kukanyagia jukwaani, jukwaa lenyewe, kreti nane za soda na picha kubwa ya Mheshimiwa ya kutundika nyuma ya Mheshimiwa. Wanne wanne kati yao walimbeba Mheshimiwa kwenye machela, kwa zamu. Getini hakupimwa. Mizani inaishia kilo ishirini kwa mtu mmoja, na mpima mizigo akaona bora aangalie pembeni.

Tulifika Kambi ya Mawe saa saba na dakika hamsini. Wapagazi walisimamisha mahema kwa dakika kumi, na hema la chakula likawa la kwanza. Saa nane kamili Elingaya alitoka jikoni, akavua aproni, akaikunja vizuri. Akaanza wimbo wa kukaribisha wageni. Wale arobaini na sita wakaitikia ubeti mmoja, wakapiga makofi, wakaingia kwenye hema la chakula, wakakaa. Elingaya akakaa mbele kabisa, akafunga leso kifuani.

"Mheshimiwa," alisema, "sisi wageni tumefika. Chai iko wapi?"

Mheshimiwa alicheka kwanza, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Nini hii? Mmegoma?"

"Tugome vipi? Mgomo ni wa wafanyakazi. Wafanyakazi wametoka saa nane."

"Askari!" aliita Mheshimiwa.

Askari wa mlima alikuwa kijana msomi. Alitoa kitabu chake mfukoni, akasoma, akakirudisha. "Mheshimiwa, kumbughudhi mgeni ndani ya hifadhi ni miaka mitano jela. Uliipitisha mwaka juzi." Halafu, kwa sauti ndogo, akaanza kuimba na yeye akaingia hemani.

Msiulize kilichofuata kwa wasaidizi wa Waziri. Msaidizi wa kwanza alisikika akiguna wimbo puani. Wa pili alicheza kidogo, mabega tu. Mpiga picha wa televisheni alipiga makofi huku kamera ikining'inia shingoni. Kwa dakika tatu msafara mzima wa serikali ukawa wageni, wamejibana kwenye mabenchi wakisubiri chai. Mimi nami, samahani sana, nilipiga makofi mawili. Nilikuwa nasikia baridi.

Nje alibaki mtu mmoja tu, na ndiye pekee katika Tambarare yote aliyepigiwa muhuri kwamba yuko kazini saa ishirini na nne.

Jamani, chai ile ilikuwa mbaya. Mheshimiwa aliwasha jiko, likawaka mara ya sita. Aliweka majani kwenye maji baridi, akatia chumvi badala ya sukari, akagawa vikombe akianza na askari kwa woga. Kila aliyepewa alisema asante sana, kama wageni wanavyosema. Upepo ulipoanza, Elingaya akamwonesha nguzo ya hema kwa kidevu. Akaishika.

"Na wimbo," alisema Elingaya. "Tumezoea kuimbiwa. Tunaogopa upepo."

Mheshimiwa hakujua wimbo wowote ila wa kampeni yake mwenyewe, unaosema Kidumule ni taa. Akauimba. Simu zote zikatoka. Mpiga picha wa televisheni aliunasa wote, pamoja na ubeti wa tatu ambao sauti ilimkatika.

Mpaka hapo tulikuwa tunacheka, na hata mimi nilikuwa nacheka. Kisha Elingaya akasimama, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo. Alitoa ile fomu kifuani.

"Hatutaki chai yako," alisema. "Na usidhani tunakuchekea. Nimekaa hapa nakutazama nikitamani kukutapikia. Kisamo alishika nguzo kama hiyo saa tatu nzima, wewe umeishika dakika kumi na mikono imekufa. Daktari amesema kesho kutwa wanaukata mguu. Weka sahihi hapa, upige muhuri, nipate kijana wa kukimbia nayo mpaka hospitali. Ukimaliza, tutakupikia wali na tutakushusha salama."

Mheshimiwa alisaini. Nathibitisha, aliweka sahihi yake yote, hata kamkia ka mwisho.

"Muhuri?" aliuliza Elingaya.

"Muhuri uko mjini," alisema Mheshimiwa.

Watu wote walinigeukia mimi. Begi la ngozi lilikuwa miguuni pangu. Mheshimiwa hakunitazama kwa hasira, alinitazama tu, kama alivyonitazama siku ya kikao. Nilifikiria mkopo wangu wa mabati, nikafikiria miaka minne iliyobaki kufika kiinua mgongo.

"Uko mjini," nilisema.

*

Fomu ile ilifika wizarani kutafutiwa muhuri, ikiwa na sahihi peke yake. Mwanasheria wa serikali aliipitia, akagundua jambo jingine: sahihi iliwekwa baada ya saa nane mchana, na video zinaonesha kwamba wakati huo aliyesaini alikuwa anaimba. Kwa Kifungu cha Saba, alikuwa mgeni. Mgeni hasaini fomu za serikali. Barua ya kuikataa niliichapa mimi, na hiyo nikaipiga muhuri.

Ila Kifungu cha Saba kilimuuma na mwenyewe. Mheshimiwa alikuwa ameungua kidole gumba kwenye birika, lengelenge la ukubwa wa punje ya hindi. Alipelekwa ng'ambo kwa ndege kutibiwa. Alipoleta madai ya kuumia kazini, mhasibu, ambaye ni mgeni mjini na hajui kusoma hali ya hewa, aliyakataa: mdai ameonekana akiimba. Bunge liliitwa kwa dharura. Kifungu kilirekebishwa kwa dakika arobaini, pamoja na muda wa maombi. Kikaongezwa maneno "isipokuwa Waziri," na marekebisho yakaanza kutumika tangu siku ile ya chai. Mhasibu alihamishiwa kituo cha kuhesabu ndege wa kuhama.

Mguu wa Kisamo ulikatwa siku ya kumi na moja, chini kidogo ya goti. Upasuaji mkubwa huo hauhitaji fomu, kwa kuwa unaingia kwenye fungu la kuokoa maisha. Serikali ililipia. Iliwahi pia kulitangaza jambo hilo redioni.

*

Juzi, saa tisa alasiri, nilikuwa bado ofisini nikipanga majalada, saa yangu ya kutoka ikiwa imekwisha kupita. Mlango ukasukumwa kwa ncha ya gongo. Aliingia Kisamo Ndelwa kwa magongo mawili, na Elingaya nyuma yake. Nilimvutia kiti.

"Sikai," alisema. "Nimekuja nimesimama, kaka. Toa kile kitabu chako cha kumbukumbu."

Nilikitoa. Nilifungua ukurasa wa kikao kile, pale nilipoandika kwamba shahidi hakusema kitu.

"Andika nilichosema siku ile. Unakikumbuka?"

Nilikikumbuka. Nimekikumbuka kila siku. Lakini nilimwacha aseme mwenyewe, naye alisema akiwa ameegemea magongo, mguu mmoja sakafuni:

"Niliambiwa niimbe, nikaimba, na baadaye niliendelea kuimba kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wageni wanisikie."

Niliandika. Elingaya aliinama akahakikisha kila neno kwa kidole, kama alivyokisoma kile kifungu getini.

"Lingine," alisema Kisamo. "Mama huyu ananiambia siku ile ya chai begi lako lilikuwa miguuni pako."

"Lilikuwepo."

"Na muhuri?"

Nilitazama sakafu. Mguu ule mmoja ulikuwa na kiatu kipya, cha dukani, cheusi. Nadhani kile kingine kilibaki kwenye boksi.

"Ulikuwemo," nilisema.

Nilimngojea atukane, na ningeshukuru. Elingaya ndiye aliyetema mate, pale pale sakafuni mwa wizara. Kisamo alihamisha gongo moja, akajiweka sawa.

"Basi andika na hilo," alisema.

Ndiyo haya. Nimeyaandika yote, na kwa mara ya kwanza sikuyapiga muhuri. Mwanasheria akinihoji nitamwambia saa nane mchana ilikuwa imepita, kwa hiyo sikuwa kazini, na kwa sheria ya nchi yetu mliyoyasoma hapa ni burudani. Natumaini mmeburudika.